Kabla Kusi Haijakaza: Jinsi ya Kulaza Boti ya Mashine kwa Mikono Yako

Boti haichakai sana ikiwa safarini. Inachakaa ikiwa imelala. Miezi ya kusi, chombo kikishavutwa juu na mwenyewe akaenda kushughulikia shamba au duka, ndiyo miezi ambayo chumvi hufanya kazi yake bila kuonekana. Mashine iliyozimwa mwezi wa nne ikinguruma vizuri, mwezi wa nane inakataa kuwaka. Lawama anatupiwa fundi, au petroli, au kijana aliyeitumia mara ya mwisho. Mara nyingi hakuna aliyekosa zaidi ya hili: mashine ililazwa na maji ya chumvi tumboni.

Mwongozo huu ni wa mwenye boti ya faiba yenye mashine ya kufunga nyuma, ile ya 15, ya 40 au kubwa kidogo, kama zilivyo boti nyingi za uvuvi, za abiria na za watalii katika pwani yetu. Ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji maji baridi ya kutosha, spana chache na subira. Sababu kubwa ya kuifanya mwenyewe si kuokoa pesa tu, ingawa pesa utaokoa. Ukiifungua mashine kwa mkono wako, utaona mambo ambayo hakuna atakayekusimulia: uzi wa mshipi uliojificha, waya unaoanza kuota kijani, ufa mwembamba kama unywele.

Siku na mahali pa kupandisha

Kusi hujitokeza kuanzia mwezi wa nne pamoja na mvua za masika, hukaza mwezi wa sita na wa saba, kisha hulegea kuelekea mwezi wa tisa. Watamu, Malindi na Kilifi, boti nyingi za kuvulia samaki wakubwa hupandishwa mwezi wa tano, zikangoja bahari itulie. Kisiwani Mafia, msimu wa wageni wanaokuja kuogelea na potwe karibu na Kilindoni ni kati ya mwezi wa kumi na wa tatu, kwa hiyo kuna boti zinazolala muda mrefu zaidi. Mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kusi inapiga usoni. Popote ulipo, kama boti yako italala zaidi ya mwezi mmoja, fuata hatua zote.

Tarehe ichague kwa kutazama mwezi. Siku mbili tatu baada ya mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji ya bamvua yatakubebea boti mpaka juu ya ufuko, na utavuta kidogo tu. Pwani yetu bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4 mahali pengi, na hiyo ni nguvu ya bure. Lakini bamvua hazilingani. Zilizo kubwa kupita nyingine huja karibu na mwezi wa tatu na wa tisa. Boti iliyoachwa pale maji ya mwezi wa tano yalipoishia inaweza kuguswa na mawimbi kabla hujairudia. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ulioachwa na bamvua ya mwezi wa tatu, kisha vuta boti ipite mstari huo kwa hatua kumi au zaidi.

Usiiweke chini ya mnazi hata kivuli kikikuvutia vipi. Upepo wa kusi unaangusha nazi na makuti, na nazi moja kavu inatosha kupasua faiba. Banda la makuti lililo wazi pembeni ndilo zuri kuliko yote, kwa kuwa linazuia jua na mvua lakini linapitisha hewa.

Elekeza omo upande upepo unakotoka, na uinue juu kidogo kuliko tezi ili maji ya mvua yateremke nyuma. Uzito wote ubebwe na mkuku. Laza mbao pana chini yake kwa sababu mchanga hutitia, halafu weka matairi ya zamani ubavuni kuizuia isiyumbe. Matairi hayo yashike tu, yasibebe, maana ubavu wa faiba ukikaliwa miezi minne na uzito wa boti utabonyea. Weka tegemeo moja zuri chini ya tezi.

Sasa fungua nguruzi, maji yote ya ngamani yatoke. Kizibo chake kifunge kwenye usukani au kwenye mpini wa mashine. Ukija kuirudisha boti majini, mkono wako utakigusa kabla ya kitu kingine chochote.

Vitu vya kuwa navyo

Andaa hivi kabla hujaanza, usije ukakimbilia dukani mikono ikiwa na oili:

- pipa la lita 200 au chombo kingine kirefu cha kuingiza mguu wa mashine, na maji baridi ya kulijaza mara mbili;
- oili ya gia namba 90 ya mashine za baharini, na oili nyepesi ya mashine;
- washa mpya za skrubu za oili ya gia, na plagi mpya;
- grisi ya baharini, ile isiyooshwa na maji;
- sabuni ya unga, brashi, matambara na chombo cha kukingia oili chafu;
- turubai, kamba na mti mrefu wa kuwa mgongo wa paa;
- kitabu cha mashine. Vipimo vya oili na nafasi ya plagi hutofautiana kati ya mashine na mashine, na kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Siku ya kwanza: mwili wa boti

Kwangua chini ya boti siku ileile inapotoka majini. Vikombe vidogo vyenye makali na majani yaliyoganda hutoka kwa urahisi yakiwa mabichi. Yakikauka huwa kama saruji. Wazee wetu wa mashua na madau hupitisha moto wa makuti chini ya chombo kuua wadudu wanaokula mbao, kisha hupaka deheni ya mafuta na chokaa. Ni elimu nzuri kwa mbao, lakini faiba usiikaribishe moto hata kidogo. Wala usitumie panga au chuma chenye ncha. Chukua kipande cha mbao au plastiki ngumu, halafu sabuni, brashi na maji baridi.

Boti ikishakauka, izunguke polepole ukitazama. Mahali pa kuanzia ni ubao wa nyuma unaobeba mashine. Gongagonga ubao huo kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi, huku ukisikiliza. Panapolia kavu na wazi ni pazima. Panapolia zito, kama unagonga gunia lililolowa, maji yameshaingia kwenye mbao iliyo ndani ya faiba, na kwa kawaida yameingilia kwenye matundu ya bolti. Paandike alama ya chaki. Boti ikikaa miezi mitatu imekauka ndiyo nafasi ya kupafungua na kupajenga upya. Faiba haishiki juu ya unyevu.

Toa kila kitu kilichomo. Kamba na majaketi ya kuokolea osha kwa maji baridi, anika kivulini, kisha tundika mahali penye hewa. Nanga na mnyororo vioshwe pia. Fataki za ishara zitazame tarehe, kwani nyingi hudumu miaka 3 tu.

Siku ya pili: kuiosha mashine ndani

Vua mashine kwenye boti. Mashine ya 40 ina uzito wa kama kilo 70, basi mbebe wawili, na muifunge kwenye stendi imara ya mbao. Kuihifadhi ndani ni kinga dhidi ya kutu na dhidi ya wezi. Andika namba yake ya usajili kwenye daftari.

Kabla ya kuiwasha, vua propela. Watu wamekatwa vidole kwa kusahau jambo hili. Fanya kazi hii nje, penye hewa. Moshi wa mashine ndani ya chumba unaua, na mvuke wa petroli hukaa chini sakafuni ukingoja cheche.

Zamisha mguu wa mashine kwenye pipa mpaka maji yapite lile bamba pana lililo juu ya mahali pa propela. Washa, iache gia huru, ingurume taratibu. Tazama kamrija ka maji kanakorushwa nyuma. Kasipotoka ndani ya muda mfupi, zima mara moja. Pampu ya maji ina kikombe cha mpira, na mpira huo ukizunguka mkavu huungua upesi sana.

Acha ingurume dakika 10 hadi 15. Muda huo una sababu yake. Ndani ya mashine kuna kizibo kidogo kinachofunguka kwa joto, na mashine ikiwa bado baridi, maji hayafiki kwenye njia zote za kupoza. Anayeosha kwa dakika mbili anaosha mlangoni, vyumba vya ndani anaviacha na chumvi yao. Halafu zima, mwaga maji yote ya pipa, jaza mapya na urudie. Maji ya kwanza yameshageuka ya chumvi. Mara ya pili, chovya kidole kwenye kale kamrija na uonje. Ukiwa huna ladha ya chumvi mdomoni, umemaliza.

Petroli

Petroli iliyokaa miezi inabadilika. Sehemu nyepesi zinapaa, inayobaki inanata kama vanishi na kuziba vijitundu vya kabureta, vilivyo vyembamba kuliko sindano. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kukataa kuwaka baada ya kusi.

Kwa mashine ya kabureta, chomoa mpira wa petroli ikiwa bado inanguruma kwenye pipa, uiache imalize iliyobaki mpaka izime yenyewe. Usidhani imeisha. Chini ya kila kabureta kuna skrubu ndogo. Ifungue, ukinge kikombe, na utaona matone yanatoka, pengine na maji na uchafu. Hayo ndiyo yangekusumbua mwezi wa nane. Mashine za kisasa zinazopiga petroli kwa sindano hazikaushwi hivyo. Kwa hizo, tia dawa ya kutunza petroli kwenye tangi kisha uiache mashine ingurume dakika kadhaa ili dawa ifike kila mahali.

Tangi la kubeba limwage. Petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili mpe anayekwenda baharini leo na mwenye mashine kama yako. Kama tangi limejengwa ndani ya boti na huwezi kulimwaga, lijaze karibu na juu na utie dawa, kwa maana nafasi tupu ndani ya tangi ndimo unyevu unamogeuka kuwa maji. Petroli isilale kamwe kwenye nyumba wanamolala au wanamopika watu.

Oili ya kulinda silinda

Silinda ikikaa bila oili, hewa ya pwani inaiotesha kutu, na ringi zinashika. Fungua plagi zote, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi ya mashine katika kila tundu, chomoa kamba ya usalama ili mashine isiwake, halafu vuta kamba ya kuwashia taratibu mara nne au tano. Oili itatambaa ukutani. Rudisha plagi kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana. Zile mpya ziweke kando kwa siku ya kurudi majini, kwani oili hii itazichafua.

Kama mashine yako ni ile yenye oili yake ndani, imwage yote ikiwa bado vuguvugu, badilisha na filta, ujaze mpya kabla ya kulala. Oili iliyotumika ina asidi, na asidi haipumziki mashine ikipumzika. Mashine hizi zina upande wake wa kulazwa wakati wa kubebwa. Ukikosea upande, oili inapanda kwenye silinda. Salama yako ni kuihifadhi imesimama wima, na hilo ni jema kwa mashine zote kwa sababu maji yaliyobaki yanashuka na kutoka.

Oili ya gia

Ukitaka kujua afya ya mashine yako, hapa ndipo mahali pa kusoma. Kwenye mguu kuna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Weka chombo, fungua ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie. Oili itateremka.

Itazame inavyotoka. Ikiwa ya rangi ya asali au nyeusi kidogo, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeupe kama maziwa au chai ya maziwa, maji yameingia. Mtu wa kwanza wa kushukiwa ni uzi wa mshipi. Tazama pale ulipovua propela: mara nyingi utakuta uzi wa nailoni umejizungusha kwenye ekseli, umejikaza kama pete, na umekata sili ya mpira iliyo nyuma yake. Uutoe wote kwa ncha ya kisu bila kukwaruza chuma, na sili ibadilishwe kabla ya msimu. Sugua oili kati ya vidole viwili pia. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika ni meno ya gia yanayomeguka, na hapo muite fundi.

Oili mpya hujazwa kutokea chini. Ingiza mrija kwenye tundu la chini na usukume mpaka oili itokeze tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, kisha chomoa mrija na ufunge ya chini haraka. Tia washa mpya kote kuwili. Oili chafu peleka kwa gereji wanaoikusanya, isimwagwe mchangani, kwa sababu kinachomwagwa ufukweni bamvua inayofuata hukipeleka kwenye samaki wako mwenyewe.

Paka grisi ekseli ya propela, mahali pote penye chuchu za grisi, na waya wa usukani. Zitazame zinki, vile vipande vya kijivu vilivyofungwa mguuni. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine, basi zikibaki nusu, badilisha. Usizipake rangi hata kidogo. Zinki iliyopakwa rangi haiwezi kuliwa, na kitakacholiwa ni mashine.

Betri na nyaya

Toa betri, ukianza kufungua waya wa hasi. Osha vichwa vyake kwa maji yaliyochanganywa na magadi, futa, kausha, paka grisi. Ichaji ijae. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au zaidi. Ikishuka chini ya 12.4 inaanza kujiharibu ndani, na kwa joto letu inashuka upesi. Kwa hiyo ichaji kila mwezi. Nyaya zenye kutu ya kijani kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, ndipo uunge.

Kufunika

Turubai lililolala juu ya boti bila mgongo ni hatari kuliko kuacha wazi. Dimbwi la mvua lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 10 ni lita 200, yaani kilo 200 zinazoning'inia juu ya viti vyako. Simamisha mti kutoka omo hadi tezi, turubai lishuke pande zote mbili kama paa, na miisho yote miwili ibaki wazi kwa hewa. Ukiifunga boti kama kifurushi, unyevu utaiozesha mito na kuotesha ukungu.

Ziba kwa tambara safi kila tundu dogo la mashine: kale kamrija ka maji, tundu la kupumulia tangi, bomba la moshi. Nyigu wajengao kwa udongo hupenda matundu ya ukubwa huo. Kijumba kimoja kilichokauka kinaweza kuzuia maji ya kupoza, ukajua hayo ukiwa tayari umeshavuka mwamba. Kila tambara liache mkia mrefu unaoonekana.

Wakati wa kusi

Itembelee boti mara moja kwa mwezi, na kila baada ya upepo mkali. Kaza kamba za turubai, tazama kama mchanga umetitia chini ya mkuku, hakikisha nguruzi haijazibwa na majani, na tafuta dalili za panya, ambao hutafuna nyaya na mipira ya petroli. Mashine izungushe kidogo kwa kamba, ukiwa umechomoa kamba ya usalama, ili ringi zisishike na mpira wa pampu usijikunje upande mmoja.

Wenzetu wanaoishi kwenye baridi, Sweden au Kanada, wana sababu moja zaidi ya kufanya haya. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Kikombe cha maji kilichosahaulika kwenye oili ya gia au kwenye njia za kupoza kinaweza kupasua chuma usiku mmoja. Kwao hatua ya oili ya gia na ya kuisimamisha mashine wima haziahirishwi mpaka baada ya barafu ya kwanza.

Siku ya kurudi majini

Kusi ikilegea, usianzie baharini. Anzia kwenye pipa. Toa matambara na uyahesabu. Weka petroli mpya, bana pampu ya mkono na utazame kila kiungo kama kinavuja. Washa kwa plagi za zamani mpaka moshi wa oili uishe, kisha funga zile mpya. Kamrija ka maji katoke kwa nguvu. Jaribu gia mbele na nyuma, ndipo ufunge propela kwa pini mpya.

Ziba nguruzi. Shusha boti wakati maji yanajaa, ili ikiwa kuna tatizo maji yakurudishe pwani badala ya kukuchukua. Safari ya kwanza iwe ndani ya mwamba, na uwe na kasia, nanga, majaketi, na mtu wa pwani anayejua utarudi saa ngapi.

Kisha kaa uandike kwenye daftari lako: tarehe uliyoilaza, rangi ya oili ya gia, hali ya zinki, alama za chaki kwenye ubao wa nyuma, ulichobadilisha na ulichobakiza. Mwakani, kabla ya kushika spana, soma ukurasa huo kwanza. Mwenye kumbukumbu za misimu miwili mitatu ataona kitu kinavyoanza kuharibika, na atanunua kipuri akiwa bado nchi kavu.